Mwaka 1992 Tusioufundisha

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Misikhu wanitajie mambo makuu yaliyotukia nchini mwaka 1992. Mikono iliinuka upesi. Walitaja akina mama waliogoma kula katika Bustani ya Uhuru wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe, na jinsi polisi walivyowavamia mwezi Machi. Walitaja mgawanyiko wa Ford, uliozaa Ford-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na Ford-Asili ya Kenneth Matiba. Walitaja uchaguzi wa Desemba 29, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu ule wa 1963, ambao Rais Moi aliushinda kwa asilimia 36 tu ya kura kwa kuwa wapinzani wake waligawana zilizosalia. Yote hayo ni sahihi, na mtahini angewapa alama zao.

Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza: "Mwalimu, huo si ndio mwaka ambao nyanya yangu alifika hapa kwa miguu kutoka Endebess?"

Nilimtazama, kisha nikamtazama mwenzake wa dawati moja, ambaye jamaa zake ni Wasabaot wa mlimani. Nikasema kwamba hilo tutalizungumza siku nyingine, nikarejea kwenye vyama vya siasa. Kengele ilipolia nilishukuru. Nimeona haya tangu siku hiyo.

Nimeona haya kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa darasa la saba, na barabara hii itokayo Kitale kwenda Webuye niliiona ikijaa watu. Walibeba magodoro, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa amejitwika mlango. Nyumba yenyewe haikuwapo tena. Mama alinituma niwapelekee maji, na hakuna aliyetueleza shuleni watu hao walikuwa wakikimbia nini.

Mapigano hayo yalikuwa yameanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi. Kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamefika Trans-Nzoia, na mwaka 1992 yakaenea hadi Mlima Elgon, uliokuwa bado sehemu ya wilaya ya Bungoma. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu watu 779 waliouawa nchini. Mashirika ya kutetea haki yalitaja idadi kubwa zaidi. Bunge liliikataa ripoti hiyo. Ile ya Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilikaa kabatini hadi 2002 ndipo wananchi wakaisoma.

Watoto wetu hulijua jina la Masinde Muliro kwa sababu ya chuo kikuu kilichoko Kakamega. Ni wachache wajuao kwamba mwanasiasa huyo mkongwe wa Kitale alifariki Agosti 14 mwaka uo huo, aliposhuka tu uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Hata msiba wetu mkubwa tumeuachia Nairobi.

Walimu wenzangu huniambia kwamba kulifundisha jambo hili ni kutonesha kidonda. Naielewa hofu yao. Ndiyo iliyonifunga mdomo. Lakini hebu tuzisome ripoti hizo mbili. Hazisemi kwamba jirani aliamka asubuhi akamchukia jirani. Zinawanyoshea kidole wanasiasa na maofisa wa serikali, waliochochea au waliotazama tu nyumba zikiteketea. Mtoto asiyeambiwa haya shuleni huambiwa mengine jikoni: kwamba kabila fulani ndilo lililotufukuza. Sisi tukinyamaza, jiko ndilo linalobaki mwalimu. Vijana waliobeba bunduki Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, wakigombania ardhi ya Chebyuk, wengi wao walikuwa bado watoto mwaka 1992. Sidai kwamba somo la historia lingewazuia. Nadai tu kwamba hatukulijaribu.

Nimewapa wanafunzi wangu zoezi. Kila mmoja amwulize mzee wa kwao alikuwa wapi mwaka ule, alikimbia nini au alimwona nani akikimbia, na ni nani aliyemficha au aliyefichwa naye. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolitegemea zaidi, maana najua katika boma zaidi ya moja hapa Misikhu jibu lake litakuwa jina la mtu wa kabila jingine.

Majibu yatasomwa Alhamisi, kipindi cha pili. Yule msichana ameniuliza kama anaweza kumleta nyanya yake. Nimemwambia amlete. Mwenzake wa dawati naye ameuliza kama babu yake anaruhusiwa kuja.