Ujira wa Mchimba Dhahabu



Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, vijana wengi hawalipwi mshahara. Hulipwa sehemu ya mawe. Duara likifikia dhahabu, mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara lake, gharama hukatwa, na kinachobaki ndicho wanachogawana walioshuka shimoni. Duara lisipozaa, hakuna cha kugawana. Lakini mama ntilie, mwenye chumba na muuza dawa hawangoji dhahabu ionekane. (Na bei ya sahani ya wali machimboni, wenyewe mnaijua.)

Husemwa kwamba walikubaliana. Papa Leo wa Kumi na Tatu alilijibu neno hilo mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum: mapatano peke yake hayatoshi, kwa maana mwenye shida hukubali hata lisilo haki, ujira hauna budi kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi. Tena Torati (Kum 24:15) yaagiza maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa.

Hatusemi kwamba mgawo wa mawe ni dhambi. Umewajengea wengine nyumba za bati. Twasema asiye na mtaji asibebeshwe hasara. Chakula cha siku na dawa za mchimbaji vitolewe, visihesabiwe kuwa deni lake. Wenye maduara wengi ni waumini wenzetu, na mawe yakitoka huleta sadaka nono. Twaishukuru. Ila kabla ya kuileta, wamlipe kwanza mama ntilie.