Sala Kwenye Meza ya Karata
Jerry Yang, aliyezaliwa Laos na kupitia kambi ya wakimbizi Thailand, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas mwaka 2007 huku akiomba kwa sauti mbele ya kamera. Katika mkono wa mwisho mpinzani wake, Tuan Lam, alikuwa anaongoza, mpaka ikafunuliwa karata yenye namba sita, mambo yakageuka. Yang akazoa dola milioni 8.25, akaahidi kutoa asilimia 10 kwa misaada. Fungu la kumi sina ugomvi nalo. Kinachonikera ni kumwomba Mungu hadharani amfilisi jirani yako. Wengine wataita ushuhuda, haya. Ndugu Mkristo unayecheza, mshuhudie Bwana kwa kumpa mkono uliyemshinda, na karata umwachie mgawaji.