Programu Yako Nayo Ipigwe Pindo



Siku hizi wanawake wengi tunajitengenezea programu ndogo za kazi zetu. Mwenye duka ana jedwali la madeni kwenye simu, muoka keki ana lake la oda, mwengine anajifunza kutengeneza programu ya wageni wa harusi. Mimi ni fundi wa nguo huku Nambis, Mbulu, na yangu ni ya vipimo: jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, malipo ya kwanza, salio, na siku ya bi harusi kuja kujaribu nguo. Huulizwa, "Dada, mbona huiendelezi?" Jibu langu ni kuwa imekwisha. Na naona kila mmoja wetu ajue mapema yake itakwisha lini.

Gauni lina kikomo chake. Kitambaa ni mita kadhaa, harusi ina tarehe, na bi harusi akishavaa hakuna wa kuongeza lesi. Programu haina kitambaa cha kuisha. Leo unaongeza rangi, kesho picha, keshokutwa ujumbe wa kumkumbusha mteja, na usiku unakukuta na simu mkononi huku nguo ya mtu iko mezani haijatiwa zipu. Kikomo lazima ukiweke mwenyewe.

Wakubwa wa fani hiyo wamelifanya. Profesa Donald Knuth wa Marekani alianza TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu hakupenda jinsi kitabu chake kilivyopangwa. Alidhani ni kazi ya muda mfupi; ikamchukua kama miaka kumi. Mwaka 1990 akatangaza kuwa haongezi kitu tena, atarekebisha makosa tu. Kila rekebisho linaongeza tarakimu moja kwenye namba ya toleo: 3.1, 3.14, 3.141, kuifuata pai ya hesabu. Ameagiza kuwa akifa namba iwe pai yenyewe, na kasoro itakayobaki ihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Hadi leo wanahesabu duniani kote wanaitumia.

Wapo watakaosema kazi nzuri haiishi, na watanitajia Ushahidi ya Kenya. Mwanzoni mwa 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya matukio, na kina David Kobia na Erik Hersman wakasaidia kuijenga kwa siku chache, kwa kujitolea. Haikuishia hapo, mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Ni kweli. Lakini tazama kilichoiendeleza: watu wengine waliihitaji, na likaundwa shirika la kuitunza. Haikuwa tena kazi ya pembeni. Kama yako haijaombwa na watu na haina wa kuitunza ila wewe, basi ipime kwa kazi uliyoianzishia.

Kwangu mimi kuna jambo zito zaidi: stara. Vipimo vya mwili wa mwanamke ni amana. Nikiongeza picha za wateja, au nikiziweka taarifa zao mahali ambapo wengine wanaweza kuzifungua, nitakuwa nimeipamba programu na kuwavua stara walioniamini. Kwa hiyo kuacha kitu nje nako ni sehemu ya kumaliza.

Shoga yangu, kabla hujaanza, andika kwenye karatasi kazi tatu unazotaka ikufanyie. Zikifanyika zote, itumie mwezi mzima bila kuongeza kitu. Ikikosea hesabu, rekebisha. Huko ni kushona palipofumuka. Ukitamani urembo mpya, jiulize ni mteja gani ameuomba na utamfaa nini. Usipompata, piga pindo, kata uzi, tunza nakala mahali salama, urudi kwenye cherehani.

Allah atie baraka katika kazi za mikono yenu, na maharusi wetu awape kheri. Amin.