Kijiji Kimekosa Fasili Katika Sheria ya Nyumba

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kanuni ya awali ya kufasili neno ni kwamba kitu hakielezwi kwa kutaja kile ambacho sicho. Atakayesema kuwa ng'ombe ni mnyama asiyekuwa mbuzi hajatuambia neno. Ndiyo sababu niliposoma Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 nilituama kwenye kifungu kimoja. Mafungu matatu ya nyumba yamepimwa kwa mapato ya mwezi: aliye chini ya shilingi 20,000, aliye kati ya hapo na 149,000, na aliyepita kiwango hicho. Fungu la nne, nyumba za mashambani, ni za mtu anayeishi mahali popote pasipo mji. Basi.

Walimu wenzangu, huu si mzaha wa mwanaisimu. Mwalimu wa shule ya msingi kijijini Bungoma hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri wake hutoa kiasi kicho hicho. Hahitaji chumba cha ghorofani Nairobi, wala hata Kitale. Shamba analo. Anachokosa ni fedha za kuikamilisha nyumba aliyoianza, na benki haimkopeshi kwa kuwa hatimiliki ingali katika jina la babu yake marehemu.

Kila nisafiripo kutoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye, huyaona matanuri ya matofali yakifuka moshi kando ya mashamba. Miti mingapi imeteketea humo! Ilhali udongo ukichanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hutoa tofali gumu lisilohitaji kuni. Ujuzi huo si mgeni nchini. Mashine na mafundi ndio hawajafika vijijini. Wakati huohuo mashamba yanagawanywa baina ya ndugu hadi choo cha huyu kikakaribiana na kisima cha yule, ingawa sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi imezipa kaunti jukumu la kupanga mashambani pia.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi yanayostahili, bila kuuliza anakaa wapi. Wizara inayohusika basi itujibu: katika fedha zilizokatwa walimu wa Bungoma na Trans Nzoia tangu mwaka 2023, ni shilingi ngapi amekopeshwa mtu anayejenga katika shamba lake mwenyewe?