NISHANI HAIPIKWI IKALIWA

Koplo amefariki na tumekwisha kumzika. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa mwenyewe alizoea kusema kwamba jina la mtu si tangazo la sabuni, na wale wanaomfahamu hawana haja ya kuandikiwa. Alikuwa mkulima wa mahindi na tumbaku. Alikuwa na nishani ya Vita vya Kagera. Alikuwa rafiki yangu, ingawa alinizidi umri kwa miaka zaidi ya 40. Mimi nilimwita Babu, naye aliniita Mwalimu, na jina hilo lilikuwa utani mtupu, maana alijua vema kwamba cheti cha chuo cha ualimu ninacho lakini chaki nimeishika kwa kujitolea tu.

Sasa nitasema maneno ambayo baadhi yetu hawatayapenda. Yafaa yasemwe na mtu wa ndani ya Chama, kabla hayajasemwa na watu wa nje kwa nia mbaya.

Siku ya maziko yalikuja magari. Yalikuja magari mengi kuliko yote yaliyopata kufika katika boma lile tangu Koplo alipolijenga. Wakubwa walishuka, wakakaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, wakapewa maji ya chupa. Msemaji mmoja akasimama akasoma karatasi. Akatuambia kwamba marehemu alipigana na nduli Iddi Amin mwaka 1987. Wazee waliokaa chini ya mwembe wakatazamana. Mwaka 1987 Amin alikuwa amekaa uhamishoni Saudia miaka mingi, na Koplo alikuwa shambani kwake hapa hapa Kasekese akipalilia mahindi! Hakuna aliyemsahihisha msemaji, kwa kuwa sisi tuna adabu msibani. Lakini gazeti si msiba. Mtu anayekuja kumsifu shujaa bila kujua ni vita gani alivyopigana, huyo hakuja kumsifu shujaa. Amekuja kusikika.

Kwa faida ya msemaji yule, na kwa faida ya vijana wa rika langu ambao vita ile wameisikia kama hadithi ya sungura, acha niiseme upesi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Wakaua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, wakalipua daraja la Kyaka. Amin akatangaza ulimwenguni kwamba ardhi ile ni mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga, na sababu, nia na uwezo tunao. Januari 1979 Mutukula ikaangushwa. Februari, Masaka na Mbarara. Machi, pale Lukaya, vijana wetu wakapambana na Walibya walioletwa na Gaddafi kumwokoa rafiki yake. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu pamoja na ndugu zetu Waganda waliokuwa wakipigania nchi yao, na mwanzoni mwa Juni vita ikawa imekwisha.

Wapo waungwana, wengine wana digrii, ambao siku hizi husema ati ile ilikuwa vita ya Mwalimu ya kumrudisha Obote. Kama Koplo angekuwa hai ningewapeleka kwake. Mimi nawauliza swali moja tu. Mwizi akiingia nyumbani kwako, akaua mtoto wako, akachukua ng'ombe wako, kisha akasimama uani akasema nyumba hii sasa ni yangu, nawe ukamfukuza mpaka kwake ukamnyang'anya panga, je, jirani atasema ulikwenda kule kwa sababu ulitaka kumchagulia mrithi? Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulishindwa hata kumlaani mvamizi. Kisha, kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979, wakapatikana viongozi wa Afrika wa kutulaumu sisi tuliovamiwa! Koplo alikuwa akilisimulia jambo hilo huku akicheka, akisema, "Mwalimu, wale hawakuwahi kuibiwa hata kuku."

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Jeshi letu kabla ya vita lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Vita ilipopamba moto lilipita 150,000. Watu hao walitoka wapi? Hawakutoka kwenye makambi, maana hawakuwako kule. Walitoka vijijini. Walikuwa mgambo, polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mgambo peke yao walikuwa kiasi cha 40,000. Koplo alikuwa mmoja wao. Aliacha jembe, akapanda treni Mpanda, ile reli iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya kuchukua risasi ya madini, nayo safari hii ikachukua watu wa kwenda kupigwa risasi. Alikuwa hajapata kuliona Ziwa Nyanza. Alikuwa hajui ndizi ya kupika inaliwaje.

Nilimdadisi sana habari za Lukaya, kwa kuwa vijana tunapenda mizinga. Hakupenda kuzisema. Alisema habari za matope. Alisema habari za viatu, kwamba mtu aliyekuwa na viatu vizima alitunzwa kama mtu mwenye mali. Jeshi letu liliingia Uganda kwa miguu, ndugu zangu, na mwendo wa miguu kutoka Mutukula hadi Kampala si matembezi ya jioni. Vitabu vya vita ile huandika kwamba askari wetu 373 walikufa, na kati yao waliouawa katika mapambano yenyewe ni 96. Yupo kijana mmoja aliyenisomea hesabu hiyo kwa dharau, akasema basi haikuwa vita kubwa. Nilipompelekea Koplo maneno hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwambie huyo rafiki yangu wa Tabora alikufa gari lilipopinduka. Mwulize kama mama yake alilia nusu."

Koplo alirudi na nishani. Akavua gwanda, akashika jembe. Alirudi katika nchi iliyokuwa imemaliza akiba yake yote vitani. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, na wazee wetu watawaambieni kama miezi hiyo ilikwisha mwaka 1981 au haikukwisha. Sabuni ilikuwa haba, sukari haba, nguo haba. Koplo hakulalamika. Alisema kila mtu alikuwa uchi, na aibu ya wote haina mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka wana-Chama watulie wanisikilize. Tulipokuwa tunapigania Uhuru, moja ya mashtaka yetu makubwa juu ya mkoloni lilikuwa namna alivyowatendea askari wa Kiafrika. Mwaka 1927 Mwingereza alisimamisha sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Sanamu nzuri ya shaba, na mpaka leo ipo. Lakini wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili, hata majina yao hayakuandikwa. Vita vya pili, 1939 hadi 1945, Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wakati wa kuachishwa jeshi walipewa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi, Mzungu wa cheo kile kile akapata mara kadhaa zaidi ya Mwafrika. Watu kama Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walirudi kutoka Burma wakiwa wameuona uongo huo kwa macho, na haikuwa ajabu kwamba Chama cha TANU kilipozaliwa 1954 wao walikuwa jikoni.

Je, sisi ni sawa na mkoloni? Hasha! Sisemi hivyo, na anayesema hivyo ni mwongo. Mkoloni alimtuma Mwafrika kupigania mali ya mwingine. Koplo alipigania ardhi yake mwenyewe, kwa amri ya serikali aliyoichagua mwenyewe. Lakini hiyo ndiyo sababu deni letu ni kubwa zaidi, wala si dogo. Mtumwa akisahauliwa na bwana, hilo ni jambo la kawaida la mabwana. Mtoto wa nyumbani akisahauliwa na nduguze, hilo ni jambo jingine.

Oktoba 2024 alifariki Jenerali David Musuguri akiwa na umri wa miaka 104. Taifa lilimlilia, na lilistahili kumlilia. Yeye ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi toka 1980 hadi 1988. Koplo alisikia habari zile kwenye redio akavaa nishani yake siku nzima, akaenda nayo hata kisimani. Basi kumbukeni kwamba Jenerali yule naye alianza chini kabisa, alipojiunga na jeshi la mkoloni mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska. Jenerali peke yake hateki hata kituo cha basi. Nyuma yake walikuwa maelfu ya watu kama Koplo, na watu hao sasa wanakufa kimya kimya huko Kasekese, na vijiji vingine mia kama Kasekese, mmoja wiki hii na mwingine wiki ijayo.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema mgambo hawakuwa waajiriwa wa kudumu, kwa hiyo pensheni haiwahusu. Sawa, hiyo ni sheria, nami sitashindana na mwanasheria. Lakini risasi ya Mlibya haikuuliza nani mwajiriwa wa kudumu na nani wa muda. Watasema serikali haina fedha. Mimi sijaomba fedha bado! Watasema wazee wote wana shida, kwa nini hawa watangulizwe. Ni kweli wazee wote wana shida, na mimi mama yangu mzazi ni mmoja wao. Ila hawa waliambiwa na taifa, kwa mdomo wa taifa, kwamba taifa halitawasahau. Ahadi ni deni kwa yule aliyeahidiwa.

Nitoe mfano mmoja. Miaka michache iliyopita Koplo aliugua mguu, nikamsindikiza kwenye ofisi moja, sitaitaja, kuuliza kama karatasi zake za vita zingemfaa kwa jambo lolote. Kijana wa pale alizigeuza akasema karatasi hizi zimeandikwa Mkoa wa Rukwa, na hapa ni Katavi, nendeni Sumbawanga. Nikamweleza kwamba mwaka 1978 hapakuwa na Katavi, Mpanda yote ilikuwa Rukwa, na Katavi imezaliwa 2012. Akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Koplo akazikunja karatasi zake taratibu, akaziweka ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia yule kijana, "Ahsante, mjukuu wangu." Tulipofika nje akaniambia kwamba mkoa umehama kumkimbia. Tukacheka. Lakini Sumbawanga hakwenda, maana nauli hakuwa nayo, na mguu ule alikwenda nao kaburini.

Kwa nini mambo yawe hivi? Si kwa ubaya wa moyo wa kijana yule. Ni kwa sababu katika kijiji hiki, na katika kata hii, hakuna karatasi hata moja yenye orodha ya watu wetu waliokwenda Kagera. Nimetafuta. Ofisini haipo. Shuleni haipo. Kwenye tawi letu la Chama, na hili nalisema kwa uchungu, haipo. Tuna orodha ya waliolipa ada, tuna orodha ya waliochangia mbio za Mwenge, lakini ya waliopeleka vifua vyao Mutukula hatuna. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunasikia kwenye redio ngao na mkuki vikiwekwa mnarani, na wakati huo huo shujaa mwenyewe amekaa nyuma ya nyumba yetu akichambua maharage, wala hapana anayekwenda hata kumsalimu shikamoo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni, alikuwa amekwisha kukubali Koplo aje darasani awasimulie watoto wa darasa la tano. Tulipanga tarehe. Ikaahirishwa kwa sababu ya mtihani wa majaribio. Ikaahirishwa tena kwa ajili ya mvua. Sasa haitaahirishwa tena.

Basi, wana-Chama wa Kasekese, tangu Jumatatu iliyopita liko daftari kwa katibu wa tawi, daftari la kawaida la kurasa 96. Kila mwenye baba, babu, mjomba au jirani aliyekwenda vitani 1978 na 1979, awe mwanajeshi, mgambo, polisi, dereva au mpishi, afike aandikishe jina, kijiji alichotoka, mahali alipopigana, na kama yu hai, anakaa wapi na anaumwa nini. Wanawake waliobaki wakilima mashamba ya waume zao nao waandikwe, mjane wa Koplo wa kwanza. Asiyejua kuandika ataandikiwa, mimi nipo pale kila alasiri isipokuwa Ijumaa. Nakala moja itakwenda wilayani na nyingine mkoani, nasi tutaomba tuandikiwe majibu kwa barua yenye mhuri, si kwa simu.

Hadi naandika haya yamekwisha kuandikwa majina saba. Manne ni ya marehemu.