Mashini bila dereva: tuulize inachelewa kiasi gani

Ndugu wachimbaji, na mama zetu wa Musienene, vijana wetu wengi wanatamani kazi ya Kibali, kule Haut-Uélé. Ndani ya mgodi ule, zaidi ya mita 700 chini, mashini za kubeba mawe zinatembea bila dereva. Mtu moja anakaa juu, mbele ya ekrani, anaangalia mashini kadhaa.

Wengi wanalia juu ya kazi kupotea. Wana haki. Lakini mimi niko na ulizo lingine: mtu akijikuta mbele yake, itasimama kwa wakati?

Siku hizi ordinateri moja iko na bongo nyingi ndani ya kipande kimoja. Fikirini wachimbaji wane wanaopandisha mifuko kwa kamba moja. Kila moja ana nguvu, lakini kwenye kamba wanangojana. Bongo hizo nazo zinagawana memori moja. Programu ya freni ikipimwa peke yake, inajibu haraka. Zile za picha na ramani zikianza kazi, inangojea. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kuchelewa nusu sekunde ni karibu mita 3. Hapo ndipo mtu anakufa.

Wajumbe wa sendika, popote mashini hizi zinafika, musiulize tu inabeba tani ngapi. Muombe karatasi ya majaribio: programu zote zikitumika pamoja, freni ilichelewa mpaka wapi? Musikubali wastani. Kifo hakiangalii wastani.