Tuwaulize wazee wangali hai



Vijana wetu wa sekondari hapa Hombolo hujifunza kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967 na vijiji vya ujamaa vikafuata. Tarehe pekee hazitoshi. Operesheni Dodoma, iliyofanyika mwaka 1971, iliwahamisha Wagogo wengi kutoka katika tembe zao, wengine kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa. Lengo lilikuwa kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino.

Wapo wanaohofu kwamba kusimulia machungu ya uhamisho huo ni kumvunjia heshima Mwalimu, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa mwaka 2005. Sioni hivyo. Katika mchakato huo Kanisa lenyewe hupokea hata ushahidi unaopinga.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70. Walimu, watumeni wanafunzi kwake na daftari, wasikilize mema na machungu. Wazazi, msiwanyamazishe wazee. Vitabu vitatusubiri; wao hawatatusubiri.